Siku Thelathini za Bawabu

Muyinga, 12 Februari 2007

Mdogo wangu Yuster,

Pokea salamu nyingi kutoka upande huu wa mpaka. Hujambo? Na mama yako huko Kirushya, kifua kimepoa? Sisi tumefika salama. Nyumba haina paa ila kuta zimesimama, na mvua imetuhurumia siku mbili hizi.

Barua hii nampa Gozbert, dereva wa lori lililotuleta. Nimekuachia kiti changu katika ofisi ya wakimbizi na kompyuta yangu, na najua unavyomwogopa Bawabu. Kile ni kidirisha tu cha kufungulia programu, mdogo wangu. Tulikiita Bawabu kwa sababu huingii popote bila kupitia kwake.

Ila kuna kitu nilikosea. Mkuu alitaka Bawabu aonyeshe programu zinazotumika tu, nikaingia kwenye ukurasa wa mapendeleo, pale unapompangia aonyeshe nini, nikaweka alama ya vema pale pa kuficha programu isiyofunguliwa kwa siku thelathini. Sasa kazi yote ni malori ya kuturudisha kwetu. Ile programu yenye orodha ya Waliopotea nani ataifungua? Na unajua aliyemo mle. Namba 212, binti yangu Iradukunda, aliyenipotea njiani tukikimbia vita mwaka 1996. Alikuwa na miaka sita, kovu la moto mkono wa kushoto.

Ingia kwenye mapendeleo uiondoe ile alama. Orodha ikifichwa, yeyote atakayeketi hapo ataamini haipo.

Dada yako,
Odeta


Ngara, 3 Machi 2007

Dada Odeta,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakohoa bado, lakini ulimi wake haujaugua hata kidogo; anauliza nani sasa atamsifia ndizi zake.

Dada, mapendeleo siyagusi. Unakumbuka nilivyobonyeza mara moja tu, Bawabu akapotea na kila kitu? Mkuu alisema nikirudia nirudi Kirushya kupalilia maharage. Mimi nitafanya hivi: kila asubuhi, kabla ya chai, naifungua Waliopotea mwenyewe, nafika namba 212, namsalimia Iradukunda, nafunga. Siku thelathini hazitatimia kamwe. Ondoa wasiwasi.

Mdogo wako,
Yuster


Muyinga, 20 Aprili 2007

Mdogo wangu Yuster,

Hujambo? Maharage yametoka vizuri, na paa limepatikana, nusu bati nusu nyasi. Majirani wanacheka kwamba nyumba yangu imevaa kofia ya kuazima.

Nikuambie jambo, usinicheke na wewe. Kila siku ikikaribia saa mbili asubuhi naliweka jembe chini. Najiambia, sasa hivi Yuster anamfungulia. Nasimama kidogo, kisha naendelea kulima. Umenipunguzia mzigo ambao hakuna mwingine aliyewahi kuugusa.

Bado unafungua?

Dada yako,
Odeta


Ngara, 2 Juni 2007

Dada Odeta,

Shikamoo. Sisi wazima, kazi nyingi, malori kila siku. Ndiyo dada, nafungua kila asubuhi. Niwie radhi kwa ufupi, Gozbert ananipigia honi.

Mdogo wako,
Yuster


Ngara, 18 Novemba 2007

Dada Odeta,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia ukishasoma.

Nilikudanganya. Nilifungua mwezi wa tatu na nusu ya mwezi wa nne. Baadaye nikawa nasema nitafungua kesho. Kila nikifika ile namba nilikuona wewe, nikachoka kukuona. Barua yako ya jembe ilinikuta nimeshaacha, nikaona aibu kusema.

Mwezi wa saba mama alizidiwa, nikaenda Kirushya wiki mbili. Kwenye kiti changu alikaa Celestini, mgeni kazini, hajui lolote. Juzi daftari la wageni limejaa, nikawa nafungua kurasa za nyuma nichore jipya kwa mfano wake. Tarehe 17 Julai kuna mstari huu. Jina: Iradukunda. Anakotoka: Nyamahanga, Biharamulo. Shida: kuulizia kama natafutwa. Mbele yake Celestini ameandika: Hapana.

Nilimuuliza. Anasema alikuja binti wa miaka kama kumi na saba, kovu mkononi. Celestini akatazama kwa Bawabu, hakuona orodha yoyote ya watu, akamwambia haipo. Binti alishukuru akaondoka.

Kesho yake nilipanda basi. Nyamahanga nilimkuta mama mmoja, Rozalia, jirani wa watu waliomlea. Ni Wasukuma, mzee Shibuda na mkewe Suzana. Walimwokota barabarani, wakamsomesha hadi darasa la saba. Mwaka huu waliamua kuhama na ng'ombe kwenda kusini. Binti akawaambia wamsubiri, kwanza aende Ngara akaulize, akitafutwa atabaki. Aliporudi, Rozalia anasema, alimwambia Suzana, "Basi mama yangu ni wewe." Waliondoka mwezi wa tisa. Wengine wanasema Rukwa, wengine Mbeya. Namba ya simu hakuna anayeijua.

Nimeiondoa ile alama. Haikuchukua hata dakika moja.

Nisamehe, dada. Nimepeleka jina lake kanisani na kwa kila dereva anayeelekea kusini.

Mdogo wako,
Yuster


Muyinga, 9 Desemba 2007

Yuster,

Leo sikusalimii.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilipofika kwenye jina lake nilipiga kelele ya furaha, majirani wakaja mbio. Yu hai. Amesoma. Kisha nikaendelea kusoma mbele yao, nikashindwa kuwaeleza kwa nini nimekaa chini.

Ile alama niliiweka mimi kwa mkono wangu, kwa hiyo siwezi kukutwisha yote. Lakini nilikuwa naweka jembe chini kila asubuhi, Yuster. Hata ile ya tarehe 17 Julai niliweka jembe chini.

Endelea kuwauliza madereva. Usiniite tena dada.

Nina ombi moja. Ule ukurasa wa daftari uchane, umpe Gozbert aniletee. Usininakilie, nataka wenyewe. Aliponipotea mwanangu alikuwa hajajua kushika kalamu. Sijawahi kuuona mwandiko wake.

Mama Iradukunda