Kochi Nililombebesha Mke Wangu

Shemeji,

Nimemkosea mdogo wako. Alipoongezwa matiti, daktari alimkataza kubeba vitu vizito mpaka apone. Lakini mimi na ufundi wangu wa makochi nikamwambia, "Shika upande huo tu, mama, mteja anasubiri." Sasa ule mfuko wa silikoni wa kushoto umehamia kwapani. Alhamisi wanampasua tena waurudishe mahali pake, wapashone pasiachie.

Ananitania, "Wewe ungenipigilia misumari." Nacheka. Lakini naogopa wakimpa dawa ya usingizi asije akakosa kuamka, shemeji.

Tena kamdanganya daktari kwamba aliteleza bafuni, ili mimi nisisemwe. Alhamisi asubuhi, kabla hajaingizwa, nitamwambia daktari mbele yake kwamba ni mimi.

Shemeji yako,
Fundi