Petali ya Mwisho ya Otim

Mama Otim,

Lori zimepita. Nimeona nianze na hilo kabla hata ya salamu, maana nakujua, ungenikatiza tu uniulize. Mpaka umefunguliwa, lori za Kenya zinapita tena, na jana Mutiso, dereva wako yule Mkamba anayecheka kabla hajasema, alisimama mbele ya kibanda changu hapa Old Kampala akiwa na bahasha mkononi. Alikuwa ametokea kwako Mbuya. "Mama iko wapi?" akaniuliza. "Nimegonga kwake, wakatoka watu wengine." Niliweka mkasi chini. Akaniangalia usoni, akavua kofia, akaketi juu ya kreti ya soda bila kukaribishwa, huku wateja wakitushangaa.

Otim amejibu, Mama. Mwanao amejibu.

Ni mimi Hadija, mtoto wa Wanubi uliyekuwa ukimwambia ana mikono ya kusonga ugali, si ya kukunja maua. Nakuandikia juu ya meza yako. Niliichukua siku tulipotoa vitu vyako, pamoja na mkasi, ile sindano ya kufumia uliyoviringishia petali, na kopo la vifungo. Chumba chako amepanga polisi mwenye watoto wengi, na kwenye dirisha ulilokuwa ukianikia kadi sasa wameanika nepi. Tulikuzika hapa hapa Kampala. Ulitaka Kitgum, kando ya mama yako, lakini petroli ilikuwa haipatikani hata ya kufika Bombo, na ndugu zako walipofika, udongo ulikuwa umeanza kukauka. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Ulimwita mwanao Otim kwa sababu ulimzaa mbali na kwenu, na wewe mwenyewe ukaishia kulala mbali na kwenu.

Kadi bado natengeneza. Harusi hazikomi hata wakati huu, watu wanaoana tu. Lakini wateja wananiambia kwa upole kwamba maua yangu yanainama. Yako yalikuwa yanasimama. Ulikuwa unaikata karatasi duara, unaizungusha kwa mkasi kama unamenya chungwa, kisha unaviringisha kila petali kwenye sindano mpaka inajikunja yenyewe kwa nje. Gundi yetu ilikuwa uji wa muhogo. Unakumbuka mende walivyozila kadi zote za Idi, nami nikalia, wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta? "Basi wao wamefungua saumu kabla yetu," ulisema.

Na ile sheria yako. Kila ua uliliacha bila petali ya mwisho. Petali ile ilikaa pembeni ya kadi, peke yake, mpaka mwenye kadi aje kuichukua. Anapokuja, unamsogezea kibakuli cha gundi na kumwambia, "Osha mikono kwanza." Akishaosha, anaibandika mwenyewe. Ulisema ua ni la yule anayelituma, sisi tumekopesha mikono tu. Wengine walikasirika, wakasema wamelipa ili wasifanye kazi. Hukubishana nao. Ulikuwa unasukuma tu kibakuli mbele.

Siwezi kusahau siku alipoingia yule mwanajeshi. Kijana mrefu, bunduki begani, buti zimejaa tope. Alitaka kadi ya mama yake. "Ile ya maua kubwa," alisema, "mama yangu iko mgonjwa." Ilipofika zamu ya petali, nilidhani safari hii utaibandika wewe. Mzee wako, baba yake Otim, alikuwa amechukuliwa kutoka mlangoni pale pale na watu wenye magwanda kama yale, na hatukupata hata kofia yake. Lakini ulimtazama yule kijana mikononi, ukasema kama unavyowaambia wote, "Osha mikono kwanza." Aliangalia mikono yake. Halafu akaweka bunduki kwenye kona, karibu na ufagio, akaenda bombani. Alipobandika alikuwa ametoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipokwenda nilikugombeza, nikakuuliza kama unataka tufe. Ulikuwa unafuta gundi mezani. "Naye ana mama," ukasema, ukaendelea kufuta mahali ambapo palikuwa pameshatakata.

Otim hakuwa na moyo wa namna hiyo, na simlaumu. Alitaka mwondoke. Nilikuwepo siku mlipogombana, nimejibana kwenye kona na makaratasi yangu kama vile sisikii. Alikuwa amefunga mzigo wake na wako. Wewe ukaufungua wa kwako, ukarudisha nguo sandukuni moja moja. Ulisema mzee akirudi akakuta mlango umefungwa atakwenda wapi? Otim akapiga kelele kwamba mzee harudi, kila mtu Mbuya anajua harudi isipokuwa wewe. Ndipo ulipomwambia lile neno. "Nenda. Na ukienda usinirudie." Yeye naye akajibu, "Baki na maua yako."

Ulilitafuna neno lile kila siku baada ya hapo. Ulikuwa unakata karatasi, mara unasimamisha mkasi hewani, nami najua uko wapi.

Tulipopata habari kwamba yuko Nairobi, katika gereji fulani, ulisema utamtumia kadi. Hukuwa na shida ya maneno. Maneno ulikuwa nayo tayari: "Rudi siku yoyote." Shida ilikuwa karatasi. Tangu Wahindi wafukuzwe na yule mzee wa duka la karatasi kuondoka na sanduku moja, karatasi nzuri ilikuwa ndoto. Tulikuwa tunatengeneza maua kwa kalenda za zamani, kwa majarida, kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Hayo yaliwatosha wateja. Kwa Otim hayakutosha. Ulitaka nyekundu, ile laini ya zamani, maana ulisema kadi ya kumwomba mtoto radhi haiwezi kuwa na tangazo la sabuni mgongoni.

Basi tukangoja karatasi nyekundu. Nami niliona una haki kabisa. Nilizunguka mji mzima, nikauliza soko la Owino, nikauliza Ntinda, nikamsumbua baba yangu aulize marafiki zake wenye magari. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Mutiso alikuwa akipita na lori lake, anauliza, "Mama, kadi tayari?" nawe unamjibu, "Bado karatasi." Ee Mama. Tulikuwa tunaringa kwa ufundi wetu, na siku zilikuwa zinakwenda.

Mwisho wake tulipata nini? Mfuko wa sukari. Karatasi ya kaki, ile ile uliyomfunikia Otim madaftari ya shule, tukaichovya katika wino mwekundu wa jirani yako, Mwalimu Kasule. Mzee wa watu alikuwa anapita, akachungulia, akasema kwa ulimi wake usiotenga l na r, "Mama Otim, kama ni rangi nyekundu tu, mimi nina wino wa karamu, tere." Wino ulikuwa umekaa kwake muda wote ule, ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo! Siku ile tulicheka. Leo nikikumbuka sicheki.

Ua lilitoka zuri kuliko ya karatasi ya dukani, nakuapia. Lilikuwa na wekundu mzito, na kwenye mikunjo kaki ilichungulia kidogo. Ulilifanya lile la kulala, kwa sababu ya vizuizi vya barabarani. Ulikuwa hujasahau yule askari aliyefinya kadi ya mteja wetu akitafuta kilichofichwa, akauliza, "Maua gani hii imenona hivi?" na kuipasua. La Otim lililala bapa ndani ya kadi, na ukiifungua, linainuka. Uliifungua na kuifunga mara nyingi mpaka nikakuonya utalichosha. Kisha ukainuka, ukaenda bombani, ukaosha mikono yako wewe mwenyewe. Ulibandika petali ya mwisho. Mutiso akaichukua asubuhi iliyofuata.

Haikupita wiki, mpaka wa Kenya ukafungwa.

Mengine unayajua. Kila jioni uliniuliza, "Lori zimepita?" Nilikwenda barabara ya Jinja nikasimama, nikarudi nikitikisa kichwa. Presha ikakupanda, dawa hakuna, daktari anakuandikia kitu ambacho famasi zote za mji hazina. Ulianza kusema Otim ameipata na ameitupa. Ulisema kama angekuwa amekusamehe ungesikia, njia yoyote ile, mtu angeleta neno. Nilikukatalia, lakini sikuwa na kitu cha kukuonyesha. Wodini, maneno yako ya mwisho kwangu hayakuwa kwaheri. Ulisema, "Nilimwambia asirudi, Hadija. Ni mimi niliyesema."

Sasa sikia alichonieleza Mutiso jana. Alimpata Otim siku ile ile aliyofika Nairobi. Otim aliifungua kadi akiwa chini ya gari, mikono imejaa grisi, ua likainuka, naye akabaki amelala pale chini mpaka bosi wake akaja kumvuta miguu. Keshoye asubuhi alimletea Mutiso jibu. Keshoye, Mama! Mutiso alilichomeka juu ya kiti chake kwenye lori, akaondoka nalo, akakuta mpaka umefungwa. Siku zote zile ulipokuwa ukiniuliza kama lori zimepita, jibu lako lilikuwa limekaa ng'ambo ya mpaka, ndani ya lori lililozimwa. Kama tungetuma ua la kalenda, lenye tangazo la sabuni mgongoni, lingefika mapema na jibu lingekukuta unapika chai. Nimejaribu kulifikiria jambo hili kwa namna nyingine yoyote. Siwezi.

Jibu lenyewe ni kadi. Ametengeneza mwenyewe, kwa karatasi ya boksi la vipuri, na ana mikono mibaya kuliko yangu. Ua limekaa upande, lina alama ya dole gumba la grisi. Ndani ameandika, "Mama, nakuja njia ikifunguka. Bandika hii." Na kweli, ua lina pengo. Petali ya mwisho haimo. Ameifunga peke yake katika karatasi ya sigara, ameituma pamoja na kadi ili uibandike wewe.

Nilicheka, Mama, kisha nikalia mbele ya Mutiso bila aibu. Amekosea! Kakulia chini ya meza hii, kila ua alilowahi kuliona nyumbani lilikuwa na pengo na petali pembeni, na kumbe hakuwahi kungoja aone mteja akiibandika. Alikuwa anakimbilia mpira. Anadhani anayebandika ni anayepokea.

Mutiso aliniambia niibandike mimi, kwa niaba yako, halafu tuilaze kaburini. Ni wazo zuri, la mtu mwenye roho nzuri. Niliosha mikono kabisa. Nilikoroga gundi. Nikaishika petali ile, ngumu, imekatwa vibaya, nikashindwa. Si ua langu. Wala si lako, Mama, ingawa lilikuwa linakuja kwako.

Nimeirudisha katika karatasi yake ya sigara, nimeiweka ndani ya kopo la vifungo. Nimemwambia Mutiso asimpe Otim habari ya kifo chako huko njiani, amwambie tu kwamba Hadija anamngoja Old Kampala. Nitamwambia mimi. Nitamwambia pia ulichosema wodini, na kwamba hukungoja kwa hasira hata siku moja.

Lala, Mama Otim. Nitakuja kupalilia Jumapili. Meza yako siiuzi, na kopo silifungui. Siku mwanao atakaposimama mlangoni kwangu na grisi zake, nitamvutia kiti, nitamsogezea kibakuli, na kabla hata sijamkumbatia nitamwambia aoshe mikono kwanza.

Mwanao wa mikono ya ugali,
Hadija