Neno Alilolirudia Mama

Mjukuu wangu Atieno,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba jogoo wetu hapa Kondele sasa anawika adhuhuri. Bibi yako anasema uvivu huo amejifunza kwangu. Wengine wote ni wazima.

Umeniuliza msingi wa lugha ni nini, sauti au maana. Unamuuliza mwalimu wa darasa la tatu, lakini haya.

Mama yangu alikuwa Msuba wa kisiwa cha Mfangano. Alipoolewa huku akashika Kijaluo, na sisi watoto tukajua hicho tu. Miaka ile ya themanini alipopata kiharusi, Kijaluo kilimtoka chote, kikabaki Kisuba cha utotoni. Akawa anarudia neno moja huku akitutazama machoni.

Tulileta maji, akatikisa kichwa. Tukaleta blanketi, uji, hata Biblia. Akatikisa kichwa.

"Si wewe ndiye mwalimu?" dada yangu akanifokea. "Tafsiri basi!"

Tulimwita mjomba kutoka kisiwani, lakini Mama hakumngoja; alimkuta ameshafariki. Nikamtamkia mjomba lile neno, nikalirudia, nikalivuta huku na huku. Alinisikiliza kwa huruma.

"Mpwa wangu," akasema, "hilo si neno."

Kumbe hata sauti sikuwa nayo. Masikio yangu ya Kijaluo yalikuwa yameibadilisha nikiwa nimeketi pale pale kitandani kwake.

Mazishini tulisema alituaga kwa baraka, nawe umekua ukisikia hivyo. Ukweli ni kwamba aliomba kitu, na hatukumpa.

Babu yako