Skrubu Ziko Kwenye Ndoo

Mama watoto, na wewe binti,

Skrubu zangu zote zimechanganyika kwenye ndoo moja, za inchi moja na za inchi tatu. Chupa za jemu nilizokuwa nikizipangia skrubu hizo kwa miaka tisa zimepakwa rangi na kufungwa kamba shingoni, ati vyombo vya maua.

Msiingie jikoni pekupeku. Nimefagia, ila kioo hakiaminiki. Gesi nimefunga.

Asubuhi nilipoiona ile ndoo nilipandwa na hasira. Mteja ananisubiri nimfungie kabati, na mimi nimepiga magoti nachambua skrubu kama mchele. Nikasema leo chupa zangu zinarudi kazini. Nikaweka tatu kwenye beseni, nikazimwagia maji yanayochemka ili rangi itoke. Zikapasuka zote.

Binti, ~~ungeniuliza kwanza~~. Uliniuliza. Juzi, nikiwa nasinzia kwenye kiti na buti mguuni, nikakwambia chukua. Nimekumbuka nikiwa nimechutama kuokota vipande. Mama yako akicheka, mwache acheke, mimi sina hata nguvu ya kununa.

Ndoo msiiguse, nitachambua mwenyewe jioni, mgongo ukikubali. Rangi iliyobaki nimeifunika isikauke.

Ulisema harusi ya mwalimu wako ni kesho, na hii ndiyo kazi yako ya kwanza kupewa na mtu wa nje. Meza kumi na mbili, kila meza chupa moja. Nimehesabu mara mbili. Zimebaki tisa.

Baba