Spika ya Katikati

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 8, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata sijakuamkia, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nikianza na salamu najijua, nitasalimia mpaka karatasi iishe. Bibi si kiziwi. Masikio yake ni yale yale uliyoyaacha, la kushoto zito, la kulia zima. Aliyemfanya aamini kwamba hasikii ni mimi, na kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikimwongezea imani hiyo kila siku saa kumi alasiri, isipokuwa Jumamosi na Jumapili.

Sasa, shikamoo. U hali gani? Mtoto anaendeleaje, na wewe unapata usingizi? Picha yake tumeiona, amekunja uso kama Baba anapotafuta miwani ambayo ameivaa. Huku tu wazima wa mwili. Baba kikohozi kimemwacha. Mama anashona sare za shule hadi vidole vimeota sugu. Kaka bado anasema ataanza kusoma kwa bidii Jumatatu, ila hasemi Jumatatu ipi.

Najua unadhani Bibi amekukasirikia. Baba alikwambia hapokei simu zako kwa sababu anapumzika, na kwamba hatakuja kwako kumlea mtoto kwa sababu ya magoti. Magoti yamesingiziwa, Shangazi. Juzi tu alipanda juu ya kigoda kufuta vumbi la kabatini. Simu hapokei kwa kuwa anaogopa utaongea asikusikie. Sababu ya kuikataa safari nitaifikia, nivumilie kidogo, maana hapo ndipo panaponiuma.

Nianze na zile spika ulizomtumia.

Katoni ilipofika Baba aliita majirani wawili waje washuhudie, akawaambia dada yake amemletea mama yao jumba zima la sinema. Spika ndogo tano, na ile kubwa ya besi ya kukaa sakafuni. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, basi wote wakanigeukia. Kwa kuwa nasoma shule ya lugha mbili, hapa nyumbani wanaamini hakuna maandishi yanayoweza kunishinda. Kaka akasema, "Mwachieni Kobe. Haongei, lakini humo ndani mnachemka." Kobe ndilo jina langu siku hizi, kwa sababu wageni wakija naingiza kichwa ndani.

Kitabu kilisema spika mbili ziwe nyuma ya anayetazama, mbili mbele pembeni, na ya tano katikati, chini ya televisheni. Sasa pale katikati chini ya televisheni ndipo ilipo picha ya Babu, ile ya koti jeusi. Tangu tumzike hakuna aliyeisogeza. Mama akipangusa meza huizunguka na kitambaa kama vile Babu amesinzia. Mimi ni nani nimhamishe kwa ajili ya spika? Nikaipandisha spika juu ya televisheni nikaifunga kwa gundi ya karatasi, ile ya kufungia katoni. Wenyewe walikuwa wametoka. Shangazi, televisheni za sasa ni nyembamba kama daftari. Nilikuwa nabonyeza rimoti kutafuta sauti, gundi ikaachia, na spika ikashuka kwenye saruji. Nilipoiokota ilicheza ndani kama njugu kwenye kopo. Nikaiunganisha na waya, kimya. Nikairudisha kwenye kasha lake dogo, nikaizika chini ya masweta yangu, nikajiambia zimebaki nne na besi, nani atahesabu.

Kweli hakuna aliyehesabu. Jumamosi ile walipowasha mpira, uwanja mzima ulihamia sebuleni. Mashabiki walikuwa nyuma ya kochi, filimbi ikapita juu ya vichwa vyetu. Mtangazaji tu ndiye hakusikika. Baba akasema, "Afadhali. Yule bwana huongea kuliko anavyotazama." Kaka akaeleza kwamba ndiyo teknolojia yenyewe, inamtoa mtangazaji ili ujione uko uwanjani. Nikacheka pamoja nao. Pale palikuwa pa kusema, nami nikapaacha papite.

Ukurasa wa thelathini na moja wa kile kitabu niliusoma siku tatu baadaye. Umeandikwa wazi kwamba kwa mpangilio huu karibu maneno yote ya watu hupitia spika ya katikati. Zile nyingine hubeba muziki, mvua, milango na makofi. Nilikuwa nimevunja mdomo wa televisheni.

Na anayeiwasha televisheni ili asikie watu wakiongea, katika nyumba hii, ni Bibi peke yake. Sisi wengine ni mpira tu, jioni kila mtu ameinamia simu yake. Saa kumi Baba yuko karakana, Mama yuko kwenye cherehani, Kaka yuko anakojua mwenyewe, na Bibi anatazama tamthilia. Alikaa pale siku nne. Aliona midomo ikienda, akasikia mvua, akasikia viatu kwenye ngazi na vinanda vya huzuni, neno hata moja hakulipata. Hakuuliza mtu. Siku ya tano, tukiwa mezani, akaweka kijiko chini akasema taratibu, "Wanangu, masikio yangu yamekwisha. Nimebakiwa na vishindo tu."

Mama akamshika mkono. Baba akaitazama sahani yake. Kaka, kwa huruma zake, akamsogelea na kupaza sauti kumuuliza kama anamsikia.

"Nakusikia, usinipasue," Bibi akasema. "Nakusikia kwa sababu unapayuka. Tena nakutazama midomo."

Mimi nilikuwa karibu na jagi. Nikafungua mdomo wangu kabisa, Shangazi, nikaomba maji.

Tangu hapo nyumba nzima inapayuka. Wanamwomba chumvi kama wanaoliita gari lililowaacha. Na kadiri wanavyopayuka ndivyo anavyozidi kuamini. Mama alitaka kumpeleka kwa daktari wa masikio, akakataa. "Niende nikaambiwe ninachokijua?"

Kesho yake aliniita. "Mke mwenzangu, njoo ukae hapa. Wewe una masikio. Niambie hawa wanasema nini."

Hapo ndipo nilipofanya kibaya kuliko kuvunja spika. Nilikaa, nikamwambia wanasema nini. Mimi mwenyewe sikuwa nasikia chochote asichokisikia yeye. Nilitunga. Yule mama wa hereni ndefu alipomnyooshea kijana kidole, nikasema anamwambia asikanyage tena pale mpaka aje na ukweli. Bibi akatikisa kichwa, "Huyo ndiye mwanamke." Kwa wiki tatu nimeachanisha watu na kuwapatanisha. Daktari mmoja nimempa mke ambaye naanza kuhofia ni dada yake, maana Alhamisi wote wawili walilia juu ya kaburi moja. Nikasema amekufa mwenye nyumba wao. Bibi akawatazama mpaka vinanda vikakoma, kisha akasema, "Wamemlilia sana, kwa mwenye nyumba."

Na hili nalo nikiri, maana nimeshaanza: saa ile naipenda. Mimi ambaye mwalimu akinitaja jina natamani dawati linimeze, pale naongea saa nzima bila kukwama. Bibi aliniambia, "Kumbe una sauti nzuri hivi. Ulikuwa umeificha wapi?" Nilifurahi, halafu nikakumbuka. Kila neno ninalomtungia ni ushahidi kwake kwamba mimi nasikia na yeye hasikii.

Usidhani sikujaribu kurekebisha. Kitabu kinasema mtu akikosa spika ya katikati aingie kwenye king'amuzi, abadilishe mpangilio wa sauti, na maneno yatagawanywa kwenye zile mbili za mbele. Ni vibonyezo vitatu. Lakini siku ya kufunga, king'amuzi kiliniomba nichague nambari mpya ya siri kabla ya kugusa mpangilio. Nilichagua nikaiandika kwenye kifuniko cha katoni, na Mama akaitoa katoni kwa wazoa taka. Nimekisia mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, wewe pia umo. Sasa king'amuzi kimejifunga, kinataka nipige simu kwa wahudumu wao. Nikichomoa spika zote, televisheni nayo ni bubu, kwa sababu nilikiamuru king'amuzi kipeleke sauti kwenye spika peke yake. Sijui kwa nini niliamuru hivyo. Kitabu kilisema ni bora zaidi.

Nilipiga hiyo simu, nimejificha nyuma ya tangi la maji. Unajua mimi na simu. Niliandika maneno yangu kwanza kwenye kiganja. Akapokea dada mmoja mpole.

"King'amuzi kimeandikishwa kwa jina la nani, mpenzi?"

"La Bibi yangu."

"Basi mpe simu aniambie jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, nikufungulie sasa hivi. Dakika moja tu."

"Amelala."

"Akiamka. Ila iwe sauti yake mwenyewe, sawa? Mwingine hatuwezi kumfungulia."

Nimepiga mara tatu, na mara tatu Bibi alikuwa amelala. Mara ya mwisho yule dada aliuliza kama mgonjwa wetu anaendelea vizuri.

Unaona ilivyojifunga. Ili Bibi asikie tena, lazima kwanza aongee kwenye simu, na simu haigusi kwa kuwa anaamini hasikii. Na siwezi kumshawishi aiguse bila kumwambia kwa nini.

Sasa nifike pale niliposema. Jana nilikuwa namkunjia nguo chumbani kwake. Akatoa vile visweta vitatu alivyomfumia mtoto wako, cha njano ndicho kizuri zaidi, akaniambia nivifunge vizuri niende navyo posta. Nikamwambia, lakini si utavipeleka mwenyewe mwisho wa mwezi. Aliniangalia mdomoni, kama anavyotufanyia sote sasa.

"Nitamlea vipi mtoto nisiyemsikia akilia?" akasema. "Atalia nyuma yangu, nami nimekaa nafuma. Hapana. Mama yake asije akajuta kuniita."

Aliyasema bila kulia. Nililia mimi, akanifuta kwa kile kisweta cha njano, akidhani ninamlilia yeye kwa sababu anazeeka. Nimekifua. Kinakauka.

Baba amesema kesho asubuhi atakupigia uifute tiketi ya Bibi. Barua kutoka huku huchukua siku kumi kukufikia, ikiwahi. Nimelijua hilo tangu mstari wa kwanza, na bado nimeandika kurasa nne, kana kwamba karatasi inaweza kukimbia kuliko simu ya Baba. Sina njia ya kukutumia ujumbe wa haraka, simu yangu ni ile ya kuazima ya Mama, naye husoma kila ujumbe. Ndiyo maana sijui nakuomba nini. Ningekuwa mtu mwingine ningetoka tu hapa nikasimame mbele yake niseme. Nimesimama mbele ya mlango wake mara sita tangu asubuhi. Mara moja aliufungua akanikuta, akaniuliza nimepoteza nini.

Naandika nimeweka atlasi kando ya karatasi, mtu akipita nazifunika. Siri zangu huwa naziandika kwa Kiingereza, ambacho Bibi hakisomi. Leo sijui kwa nini nimeandika kwa Kiswahili. Nilijiambia ni kwa ajili yako, na wewe unakisoma Kiingereza kuliko mimi.

Ndala zake nazisikia. Ametoka chumbani kwake, amepita jikoni, hakusimama. Wengine wote wametoka, kwa hiyo ni yeye na anakuja huku.

Atlasi nimeiweka sakafuni.

Ameingia. Ameniuliza naandika nini tangu mchana, au nimeshapata mchumba. Nimesogeza kurasa tatu za mwanzo upande wake wa meza. Amezitazama, akanitazama mimi, akasema ngoja akachukue miwani.

Basi nimalizie haraka wakati hayupo. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu na anauliza kipimo cha mabega yako. Kaka anasema umtumie viatu, usimtumie. Nisalimie baba mtoto, na mtoto mwenyewe umshike mguu kwa niaba yangu. Mungu akulinde ukilala na ukiamka, na usiku mtoto anapokataa kulala akupe mikono ya kumbeba. Kama Baba atakupigia kesho kabla sijapata mdomo, tafadhali mwambie umesahau jinsi ya kufuta tiketi. Wewe ni dada yake, atakuamini.

Amerudi. Amekaa kwenye kitanda changu, dirisha liko nyuma yake ili apate mwanga. Ameanza juu kabisa, kwenye tarehe, anafuata maneno kwa kidole kama anavyosoma siku zote. Mimi naandika polepole, kwa sababu nikimaliza itabidi niinue kichwa.

Kidole kimefika aya ya kwanza, Shangazi. Kimesimama, na hakijasogea.

Wako akupendaye, hata ukikasirika,
Mtoto wa kaka yako,
Kobe.