Maziwa yaliyomwagwa njia ya Nyanza

Jumatatu. Hapa mtaani Kagarama mvua inanyesha tangu asubuhi, na mimi nina jambo ambalo halitoki rohoni. Nimesali rozari mara mbili. Bado lipo.

Niwasimulie, maana ninyi mnaosoma hapa mmeshanizoea.

Ijumaa tuliondoka wamama kumi na wanne wa jumuiya yetu kwenda kutembea Kusini mwa nchi. Siku ya kwanza tulikuwa msitu wa Nyungwe. Ukungu, baridi ya kuuma masikio, na mbega wakirukaruka juu ya miti mirefu ambayo hata shingo inachoka kuitazama. Nilimsifu Mungu kwa sauti mpaka aliyekuwa anatuongoza akacheka.

Jumamosi, tukirudi, tukapita Nyanza kuona nyumba ya wafalme. Mimi nimezaliwa Bujumbura, nikakulia huko. Nyanza niliijua kwa mdomo wa marehemu mama yangu tu. Alizaliwa upande ule, akaondoka akiwa mdogo, na kitu alichobeba ni maneno: maziwa hayamwagwi, hayatemwi, hayasemwi vibaya, na kikombe unakipokea kwa mikono miwili. Basi pale nikaiona ile nyumba kubwa ya nyasi, na nyuma yake kijumba kingine cha maziwa peke yake. Maziwa yana nyumba yake! Nikawaona na ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu kupita mikono yangu, na mchungaji wao aliyevaa buti za mpira akiwaimbia mmoja mmoja kwa jina. Nililia. Sikuona haya.

Tulipotoka mjini tukasimama kwenye kibanda cha maziwa. Mwenye kibanda, mwanamke wa miaka thelathini hivi, akatumiminia ikivuguto, yale maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi.

Sasa hapo ndipo anapoingia Mama Divine. Huyu ni mwenyekiti wetu, na ndiye mama wa Divine, msichana ambaye mwanangu Aimé anataka kumuoa. Siku ya kwenda kumposa tumeshapanga, na ng'ombe wa mahari tumeshawataja.

Akanywa funda moja, akatema chini.

"Yewe! Hii maziwa iko na moshi kama nyama ya kuchoma!"

Akageuza kikombe, akamwaga yote pale pale, mbele ya mwenye kibanda.

"Mwenyekiti, wewe umezoea ya pakiti!" mmoja akamtania, na wote wakacheka.

Mwenye kibanda aliinama, akachukua kikombe, akaenda kukiosha.

Kwenye basi nilikaa nyuma kabisa, nikampigia Aimé. Nilikuwa nimejaa chuki. Nikamwambia, mwanangu, watu wanaotema maziwa watawapokea ng'ombe wetu wa mahari kwa mkono gani? Huko usioe.

"Mama, unasema kweli?"

"Kweli kabisa."

Akakata simu.

Jana baada ya misa, Divine alikuja kunisalimia macho yamevimba. Alinipa mikono yote miwili. Mimi nikampa ncha za vidole.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia Aimé.

Na mimi sikuyanywa.

Nimekua na maziwa ya unga, ya kopo. Ule moshi ulinipanda puani, nikashindwa. Wenzangu walipokuwa wanacheka, nilizunguka nyuma ya kibanda kama mtu anayetafuta choo, nikayamwaga kwenye shina la mgomba. Kikombe kizima. Nilipogeuka, mwenye kibanda alikuwa amesimama na beseni lake la kuoshea.

"Mama, ungeniambia tu," akasema polepole. "Ningekuwekea kidogo."

Nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili. Unaona? Adabu yote nilikuwa nayo. Kisha nikapanda basi, nikakaa, nikamhukumu mwenzangu, na binti yake ambaye safarini hakuwepo hata kidogo.

Najichukia.

Mama Divine alikosa, silifichi hilo. Lakini alikosa mchana kweupe, kila mtu akamwona. Mimi nilijificha nyuma ya mgomba, halafu nikalitumia jina la mama yangu kuvunja uchumba wa mwanangu. Ningekuwa mimi ndiye niliyeambiwa habari ya mtu kama huyo, ningetema.

Kuungama kwa padri kungekuwa rahisi, kuna wavu kati yetu. Lakini si padri niliyemharibia. Saa sita mchana nikampigia Aimé kiwandani Masoro, nikamwomba akitoka kazini apite hapa, aje na Divine.

"Unataka kumwambia nini tena, Mama? Usiku mzima hajalala."

"Nataka kuwaambia kitu nilichokifanya mimi."

Nilisikia mashine nyuma yake.

"Tutakuja saa kumi na mbili."

Nimejaribu kuyapanga maneno tangu saa ile. Kila nikianza najikuta naanza na moshi, na unga wa kopo, na umri wangu. Sijui kama Divine atanisamehe. Sijui kama Aimé ataniamini tena nikimkanya jambo la haki. Huenda atachukua hatua zake bila kuniuliza, na atakuwa na sababu.

Geti limelia. Nafunga simu kabla sijapata kisingizio kingine.