Bomba Nililoandika Limejaa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini u mzima, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, macho yamechoka, ila kusoma bado nasoma.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba nyumba zetu zingebomolewa ili kijengwe kituo cha umeme, nami uzeeni humu ningefungasha tena. Shukuru pamoja nami: hatuhami.

Kuna kebo mpya isiyo na ukinzani. Hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika mpaka umeme upite bila kupotea kama joto, na moja tu, nene kama mkono wangu, hubeba mzigo wa kebo nyingi za shaba. Kwa hiyo umeme utaletwa kutoka kituo cha mbali, kwetu kusijengwe kitu. Mashine za kupoza ni ghali na hazitakiwi kuzimika, kwa hiyo mwanzoni mimi, fundi mstaafu wa kebo za shaba, nilibisha. Jirani yangu fundi viatu akasema sisi wazee wa shaba tunalionea friji wivu.

Kikwazo kilikuwa njia. Kuchimba barabara kulikatazwa, na bomba la akiba lililo chini ya mtaa, kwa mujibu wa ramani, lilikuwa limejaa kebo kuukuu. Mhandisi, binti wa rika la wajukuu zako, alinijia kwa kuwa saini kwenye ramani ni yangu. Nilimwambia huenda bomba ni tupu. Niliandika limejaa bila kufunua mfuniko. Nilingoja anikaripie. Aliniita babu, akasema afadhali nimeishi mpaka yeye akaja kuniuliza. Wiki iliyopita kebo ilipita bila kukwaruza.

Hakuuliza kwa nini sikufunua. Wewe nakuambia. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka posta na barua yako, kwamba mama yu mahututi na ananiita. Niliketi juu ya mfuniko uleule nikaisoma hadi jioni, nikajaza ramani, nikaenda zangu. Baadaye nilikuandikia kwamba barua ilinifikia mama keshazikwa. Haikuchelewa. Vita vilivyonitoa huko vilikuwa vimekwisha, njia ilikuwa wazi. Niliogopa tu.

Uongo wa ramani nimeusahihisha. Huu ndio uliobaki.

Asante kwa miaka yote uliyoniandikia bila kunihoji. Wasalimie wanao. Ukienda kaburini kwa mama, msomee barua hii.

Ni mimi kaka yako,
Mzee wa Shaba